Montaperti kwenye ubao: mimi nilikuwa na jeshi, mwenzangu alikuwa na kalenda

Nimekaa na hii mechi kichwani wiki nzima, naosha vyombo naiwaza, niko kwenye foleni naiwaza, kwa hiyo wacha niiandike yote nipumue. Ni kisa kimoja tu, kiangazi cha 1260, vita ya Montaperti kule Italia kati ya Firenze na Siena, uamuzi mmoja niliofanya mwenyewe bila kulazimishwa na mtu, na ukiufuatilia unakuta ndio ule ule waliofanya wakubwa wa Firenze miaka zaidi ya 760 iliyopita, na kilichowakuta wao ndicho kikanikuta mimi.

Gemu ni Inferno, mchezo wa vita wa ubao wa kampuni ya GMT, ilitoka 2023, wabunifu wake Enrico Acerbi na Volko Ruhnke, iko kwenye ule mfululizo ulioanza na Nevsky 2019. Inahusu Toscana 1259 mpaka 1261, Waguelfi kwa Waghibellini. Kwa asiyewajua hawa: kwenye makaratasi Waguelfi ni watu wa Papa na Waghibellini ni watu wa Kaisari wa Ujerumani, na hata majina yenyewe yametoka Ujerumani, Welf na Waiblingen. Lakini mtaani kule Firenze haikuwa dini wala nini, ilikuwa ukoo na ukoo. Wenyewe wanasimulia kwamba chanzo ni ndoa, kijana mmoja Buondelmonte alimchumbia binti wa Amidei akamwacha akaenda kuoa kwingine, na siku ya Pasaka 1216 wakamvizia pale Ponte Vecchio wakammaliza. Kuanzia hapo ni visasi juu ya visasi, kila mji una kambi zote mbili ndani, na kambi inayoshinda inawafukuza wenzao na kubomoa nyumba zao, waliofukuzwa wanakimbilia mji wa jirani na kukaa huko wanapanga namna ya kurudi. Hii ya wakimbizi ishikeni, itarudi mbele.

Sasa hali ya ubao. Mimi Waguelfi, jamaa yangu Waghibellini, na tulicheza na vile vizuizi vya kuficha mikeka, yaani vibao ambavyo kila mtu anawekea mali za majemadari wake, kwa hiyo sikuwa naona ana sarafu ngapi wala chakula kiasi gani. Nina Podestà wa Firenze, yaani mkuu wa mji, jeshi limeshiba, na washirika wawili wamejiunga naye kwenye rundo moja. Yeye yuko Siena, ana Provenzano Salvani, kiongozi wa Siena, ana Farinata degli Uberti ambaye ni mtu wa Firenze kabisa ila alifukuzwa 1258 na sasa anapigana na mji wake mwenyewe, na ana Giordano na wale wapanda farasi wa Kijerumani waliotumwa na Manfredi mfalme wa Sicily. Kusini ya Siena kuna mji wa Montalcino, rafiki yangu, unabanwa, na ukianguka nakosa pointi.

Kwa wasiocheza hii mifumo inabidi nieleze kitu kimoja, maana kesi nzima iko hapo. Kila jemadari ana kete yake kwenye kalenda inayoonyesha muda wake wa utumishi unaisha lini. Muda ukifika anakunja virago na kuondoka na watu wake wote, hata kama alikuwa anashinda. Ukitaka abaki unamlipa, sarafu inasogeza kete mbele. Na kuna upande wa pili ambao wengi tunausahau mpaka utuume: jemadari yeyote aliyetembea au kupigana lazima ale, na asipokula kete yake inarudi nyuma, yaani anazidi kuikaribia siku ya kuondoka. Njaa na mshahara viko kwenye mstari mmoja. Hilo ndilo lililonifanya niipende hii gemu siku ya kwanza na kuichukia hii wiki.

Basi nikaangalia kalenda nikaona kete ya Giordano iko boksi moja tu mbele. Moja! Wajerumani wake wakiondoka Siena inabaki na wanamgambo na kelele. Sasa mtu mwenye akili zake hapo anafanya nini? Anakaa nyumbani. Anaweka kadi za kupitisha muda kwenye mpango wake, anachuma chakula, anamwangalia mwenzake anavyohangaika kutafuta hela ya mamluki. Mimi nikajiambia hapana, nina jeshi kubwa kuliko lake, na hili jeshi nalo lina muda wake, na Montalcino inalia, ngoja niende nikapeleke chakula, nipite karibu na Siena niwatie hofu, akitoka nampiga, asipotoka nimeokoa mji. Kwenye kichwa changu ilikuwa kushinda au kushinda.

Hapo niwapeleke Firenze yenyewe kidogo, maana kikao kama hicho kilifanyika kweli. Giovanni Villani, yule mwandishi wa habari za Firenze wa karne ya 14, anasimulia kwamba Waghibellini waliokuwa Siena walituma mafrateri wawili kwa wazee wa serikali ya Firenze na habari tamu, kwamba kuna watu Siena wamechoka na Provenzano Salvani, wako tayari kufungua lango la San Vito kwa florini 10,000 za dhahabu, njooni na jeshi kubwa mjifanye mnapeleka msaada Montalcino. Changa la macho, Farinata alikuwa nyuma yake. Mkimbizi anawajua watu wa kwao, anajua kabisa ni nani pale nyumbani ana tamaa na nani ana kiherehere, adui wa kawaida hawezi kukupatia hivyo.

Kikao kikakaa. Akasimama Tegghiaio Aldobrandi kwa niaba ya makabaila waliozoea vita, akasema kitu ambacho nilipokisoma baada ya mechi nilicheka peke yangu kama kichaa: wale Wajerumani wamelipwa miezi 3, mwezi na nusu umeshapita, tusitoke, tungojee, watatawanyika wenyewe kwa kukosa hela, na Montalcino tuwaombe Orvieto wapeleke chakula. Jamani. Huyu bwana alikuwa anaisoma kalenda! Alikuwa anaona kete ya Giordano iko wapi. Akajibiwa nini? Mmoja wa wazee, anaitwa Spedito, akamwambia ajikague suruali kama anaogopa. Tegghiaio akamjibu kwamba siku ya vita hutathubutu kunifuata nitakapokuwa. Halafu akainuka Cece de' Gherardini kusema maneno hayo hayo, wazee wakamwamuru anyamaze, akiongea faini lira 100. Akasema nalipa, wacha niongee. Wakapandisha 200, akasema nalipa. 300, nalipa. Mwisho wakasema ukifungua mdomo tena ni kichwa chako, ndio akakaa. Mimi kwenye mechi sikuwa na Cece, nilikuwa peke yangu na chai yangu, lakini nakumbuka vizuri sauti fulani ndani yangu iliyosema subiri zamu moja tu, na mimi niliitoza faini.

Haya turudi mezani. Mpango unapangwa kwa siri, kila mtu anaweka kadi zake kifudifudi kwenye rundo halafu mnafunua mojamoja kwa zamu, na ukishapanga huwezi kubadilisha. Mimi nikajaza Podestà, Podestà, Podestà. Kadi ya kwanza nikapakia chakula cha Montalcino, na hapo nikafanya kosa dogo lililozaa kubwa: nilipakia kupita uwezo wa usafiri wangu. Sheria inaruhusu ubebe mpaka mara mbili ya uwezo, lakini ukiwa umeelemewa hivyo kila mwendo unakula amri mbili badala ya moja, na kila kadi ina amri chache tu. Kwa hiyo jeshi langu zuri likawa linatambaa. Nilikuwa nimepiga hesabu ya kufika kwa kadi mbili, ikawa inataka zaidi, na kila kadi ikiisha majemadari watatu wote wanaomba kula. Wanakula nini? Wanakula kile kile nilichokuwa napeleka Montalcino. Nililitazama lile rundo la chakula linavyopungua nikajua nimechemsha ila nikawa najipa moyo.

Watu wa Firenze nao hili walilijua, usidhani walikuwa wajinga wa mizigo. Lile daftari lao la jeshi lipo mpaka leo kwenye nyaraka za taifa pale Firenze, linaitwa Libro di Montaperti, limeandikwa kuanzia Februari hadi mwanzoni mwa Septemba 1260, na humo kuna nani amepangiwa kulinda bendera, nani mikokoteni, na vijiji na mitaa ilivyoahidi nafaka kwa ajili ya Montalcino. Unasoma unaona serikali iliyojipanga kweli, karani ameandika kila kitu. Na sababu ya lile daftari kuwa maarufu ni kwamba lilitekwa na Siena pamoja na jeshi.

Kadi ya tatu tukawa jirani na Siena. Mshirika wangu mmoja hakula, kete yake ikarudi nyuma. Hapo ndipo nikashtuka: nilidhani Giordano ndiye anayeishiwa muda, kumbe sasa mimi ndiye naishiwa muda, tena yule aliye mbali na kwao ndiye anayeishiwa haraka. Yeye amekaa mjini kwake, hatembei, hapigani, kwa hiyo halishi mtu. Nikamtazama usoni, amekaa tu anazungusha dadu mezani kwa kidole, halafu akafunua kadi yake: Giordano. Akatoka nje ya kuta akaja moja kwa moja kwangu.

Ningeweza kukwepa. Nilifikiria kwa muda mrefu kiasi kwamba akaniuliza kama niko sawa. Lakini kukwepa na ule mzigo maana yake ni kuutupa, na nikiutupa sina cha kulisha, na nisipolisha mshirika wa pili naye kete inarudi. Kila mlango niliougusa ulikuwa umefungwa na mlango niliopita kabla yake. Nikasema potelea mbali, tupigane, nina watu wengi.

Vita yenyewe siielezi sana. Alikuwa na kadi ya tukio ameishikilia tangu zamu mbili nyuma, akaiweka mezani taratibu kama mtu anayeweka bili, farasi wake wakanigonga kwanza, dadu zangu za kinga zikatoka mbaya, na Podestà akaporomoka upande mmoja halafu upande wa pili ukafuata. Najua kuna watakaosema bahati. Mimi nasema dadu zingekuwa nzuri ningekuwa nimeshinda vita na bado nisingefika Montalcino, maana nisingekuwa na chakula wala muda. Kwa hiyo dadu tuziache.

Montaperti yenyewe, 4 Septemba 1260, ilikuwa mbaya zaidi ya dadu. Hesabu zinazotajwa mara nyingi ni Waguelfi 30,000 na ushee dhidi ya Waghibellini kama 20,000, ingawa wazee wa zamani kwenye hesabu za majeshi walikuwa wanatia chumvi bila aibu. Waguelfi walikuwa kambini juu ya vilima mashariki ya Siena, karibu na mto Arbia. Waghibellini wakatoka, na wenyeji wa Siena wanasimulia kwamba siku moja kabla walizungusha jeshi lile lile mara tatu kwenye kilima huku wakibadilisha rangi za nguo, ili walio upande wa pili waone majeshi matatu. Kikosi kimoja cha farasi chini ya bwana anayeitwa conte d'Arras kikajificha nyuma ya kilima cha Monselvoli, na vita ilipokolea kikatokea ubavuni na mgongoni. Na katikati ya hapo Bocca degli Abati, mtu wa Firenze, yuko ndani ya jeshi la Firenze, Mghibellini wa moyoni, akachomoa upanga akaukata mkono wa Jacopo de' Pazzi aliyekuwa ameshika bendera ya wapanda farasi. Bendera ikaanguka. Wapanda farasi wakaona bendera haipo, hawajui nani wa kwao na nani si wa kwao, wakageuza. Waenda kwa miguu wakabaki wamelizunguka carroccio, lile gari la ng'ombe lenye bendera ya mji, wakachinjwa pale.

Watu wengi wakiichambua Montaperti wanaishia kwa Bocca, mkono ukakatwa, usaliti, basi. Hata Dante, yule mshairi wa Firenze, kwenye kitabu chake Inferno alimweka Bocca kwenye barafu chini kabisa ya jehanamu, na jina la gemu limetoka kwenye kitabu hicho hicho. Lakini Dante huyo huyo anapokutana na Tegghiaio huko chini, mwenzake Jacopo Rusticucci anamwambia kwamba sauti ya Tegghiaio ilistahili kusikilizwa duniani. Mimi nipo upande huo. Mkono wa bendera ulikatwa saa ya mwisho, jeshi lilishapotea kwenye kikao cha lira 300.

Ila hapa nisijidanganye, kuna hoja dhidi yangu na ni nzito. Tegghiaio alidhani hela ya Siena itaisha. Ingeisha kweli? Habari za Siena zinasema tajiri wao Salimbene Salimbeni alitoa florini 118,000 akaukopesha mji, na Wajerumani wakalipwa mshahara mara mbili. Mwenye benki kama huyo mlangoni, kalenda inasogezwa tu. Ila tazama alizitoa lini: baada ya wajumbe wa Firenze kufika na kudai kuta za mji zibomolewe watakapotaka wao, yaani jeshi likiwa limeshakaa karibu. Tajiri alifungua kasha kwa sababu adui alikuwa anaonekana dirishani. Firenze wangekaa kwao, sidhani kama mtu anatoa 118,000 kwa ajili ya mamluki wanaokula na kulala. Ukaribu wao ndio uliomlipa Giordano. Mechi yetu hilo haikulionyesha, kwenye mechi jamaa alikuwa na sarafu zake tangu mwanzo nyuma ya kile kizuizi, na nilipomuuliza baadaye akanionyesha: mbili. Mbili tu. Moja ingemweka Giordano, nyingine ingefuata, halafu basi.

Kwa hiyo juzi tulipanga upya ubao ule ule, kete kwa kete, tulikuwa tumepiga picha na simu. Safari hii nikakaa Firenze, nikachuma, mshirika mmoja nikampeleka kuchoma mashamba ya upande wa Siena akarudi haraka, mzigo mwepesi, akala akashiba. Jamaa akamlipa Giordano sarafu ya kwanza. Zamu iliyofuata akamlipa ya pili, na akaenda Montalcino kwa hasira, akaichukua, ikaniuma kwelikweli maana ni pointi halali. Na nikiri hapo mkono uliniwasha, nilikuwa nimeshaishika kadi ya Podestà. Nikairudisha. Zamu ya tatu tukafika kwenye kulipa, akapapasa mkeka wake, akanitazama, akaitoa kete ya Giordano kwenye kalenda akaiweka pembeni ya chai bila kusema neno.

Niliondoka na ushindi wa pointi 1, na Montalcino ikiwa mikononi mwake. Akaniambia ule si ushindi, ni woga wenye risiti. Nikamwambia ajikague suruali.

Firenze ya kweli haikupata kupanga upya. Tarehe 13 Septemba 1260 Waguelfi wakafunga mizigo wakaondoka mjini wenyewe, na kuta zao nzima nzima, wakaenda Lucca, na siku 3 baadaye Giordano na Waghibellini wakaingia bila kurusha hata mshale. Nyumba zikabomolewa kama kawaida, hesabu ya fidia iliyoandikwa 1269 ina majumba ya fahari 103, nyumba za kawaida 580 na minara 85 vilivyobomolewa kabisa, mjini na vijijini. Na wangebomoa mji wote, kwenye kikao cha Empoli miji ya Waghibellini ilikuwa imeshakubaliana, akasimama mtu mmoja tu kupinga, akasema akiwa hai na ana upanga haitatokea. Alikuwa Farinata, yule yule mkimbizi.